Fereti aliyegomea nyama: uchambuzi wa kisa cha kubadilisha chakula

Mhusika ni fereti, mnyama mdogo mla nyama anayefugwa nyumbani; huyu ni dume aliyehasiwa, umri miaka mitatu hivi, kutoka kituo cha kupokea fereti waliotelekezwa kaskazini mwa Uingereza. Siku anafika kwenye makao mapya alikuwa na uzito wa 1,240 g. Tangu utotoni alilishwa punje kavu (chakula cha viwandani cha wanyama) za aina moja tu. Waliomchukua walishasoma sana kuhusu nyama mbichi, na friza ilikuwa imejaa mapaja ya kuku, mioyo ya ng'ombe na vifaranga vya siku moja kabla mnyama hajaingia ndani. Siku ya tatu wakaondoa punje na kuweka nyama. "Atakula akibanwa na njaa." Siku ya nne asubuhi miguu yake ya nyuma ilikuwa inayumba, macho yamekodolea ukuta, na udenda unamtoka.

Kosa lilianzia kwenye sentensi ile ya njaa. Kwa mbwa mara nyingi ni kweli. Kwa fereti ni hatari, na inafaa kueleza kwa nini kabla ya kufika kwenye bakuli.

Fereti ni mnyama wa kufugwa aliyetokana na kicheche wa Ulaya, kwa hiyo ni ukoo mmoja na kicheche na nyegere wa Afrika Mashariki. Wengi humfananisha na nguchiro kwa umbo, lakini nguchiro ni ukoo mwingine kabisa, na tofauti inaonekana kwenye chakula: nguchiro hula wadudu, mayai na hata tunda akilikuta, ilhali fereti ameumbwa kwa nyama peke yake. Utumbo wake ni mfupi, na hana kile kifuko cha mwanzo wa utumbo mpana ambamo wanyama wengine huchachushia nyuzinyuzi. Chakula huingia na kutoka kwa saa 3 hadi 4. Akiachiwa bakuli wazi hula kidogokidogo, mara 8 hadi 10 kwa siku. Usiku mzima bila kula, kwake, ni sawa na kurukishwa milo kadhaa mfululizo.

Kitu cha pili ni pua. Fereti hujifunza chakula ni nini katika miezi michache ya mwanzo ya maisha, na hujifunza kwa harufu. Alichokinusa na kukila wakati huo ndicho chakula, na kinginecho ni kitu tu. Ndiyo maana dume huyu alilikwaruza paja la kuku kwa kucha, akalisukuma hadi pembeni, akarudi kulala. Hakuwa anadeka. Kwa pua yake, bakulini hamkuwa na chakula. Fereti wa namna hii anaweza kukaa na njaa karibu na nyama nzuri hadi ini lake lianze kujaa mafuta.

Kwa daktari wa wanyama sukari ya damu ilisoma milimoli 3.4 kwa lita, baada ya saa zipatazo 18 bila kula. Fereti mzima huwa juu ya 5. Ikishuka chini ya 3.3 baada ya mfungo mfupi, daktari hushuku uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini ovyo, ugonjwa wa kawaida sana kwa fereti wa miaka 3 na kuendelea. Dalili zake ndizo hizohizo: kuyumba nyuma, kukodoa macho, udenda, kujipangusa mdomo kwa makucha. Hapa daktari hakukimbilia kutoa hukumu. Alimlisha, akamwacha atulie siku mbili, kisha akapima tena baada ya saa 4 tu za kufunga, akimtazama muda wote. Kipimo kikasoma 5.6. Basi anguko lile likahesabiwa kuwa la njaa pamoja na mshtuko wa kuhama nyumba, na akapangiwa kupimwa tena baada ya miezi 6, kwa sababu kipimo kimoja kizuri kwa mnyama wa umri huu hakifungi mjadala.

Huduma ya kwanza nayo waliikosea nusu. Walimpaka asali kwenye fizi, jambo sahihi, ila wakaishia hapo. Sukari tupu hupandisha haraka na kushuka haraka, na kama uvimbe upo huuchochea kumwaga insulini zaidi. Asali ni ya kumzindua tu. Akishaweza kumeza lazima ifuatwe na chakula chenye protini. Na kama amepoteza fahamu kabisa, usimimine chochote kinywani: paka kidole kimoja kwenye ufizi, kisha kimbia kliniki.

Jioni ile walirudi nyumbani na agizo la kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na ncha, 5 hadi 10 ml kila baada ya saa 3 au 4, uji wa punje zake zilezile za zamani zilizosagwa. Uji huo ndio uliookoa zoezi zima. Ulikuwa na harufu anayoijua na umbo asilolijua, yaani nusu ya safari ilikuwa imeshatembewa bila mtu kukusudia.

Uzito siku hiyo ulikuwa 1,165 g, pungufu ya 75 g, yaani 6 kwa mia ndani ya siku nne. Sisi tuliokuwa tukiwasaidia tukaweka mpaka: ukishuka chini ya 1,120 g, karibu 10 kwa mia ya uzito wa kuingia, kila jaribio linasimama na punje zinarudi. Mizani ilikuwa ya jikoni ya kawaida, inayosoma gramu moja moja, na bakuli la plastiki juu yake. Alipimwa kila asubuhi kabla ya kula. Fereti hatulii kwenye mizani, kwa hiyo dawa ni kumpa tone la mafuta ya samaki alilambe ukutani mwa bakuli. Sekunde tano zinatosha.

Wiki mbili za kwanza hatukubadilisha kitu. Punje zikarudi bakulini saa zote, zikipimwa kuingia na kutoka, na ilionekana anakula 55 hadi 60 g kwa siku. Namba hiyo ni muhimu, kwani bila kujua anakula kiasi gani cha zamani huwezi kujua kama cha kipya kinamtosha. Mapumziko hayo yana sababu nyingine pia. Fereti anayehama hubeba vijidudu vya tumbo vinavyoamka kwa msongo, kikiwemo kirusi cha kuhara kinyesi cha kijani chenye utelezi. Ukibadilisha chakula siku hizohizo na kinyesi kikawa kijani, hutajua umlaumu nani.

Siku ya 15 uji ulirudi, safari hii kwa hiari. Punje 30 g zilisagwa kwenye blenda hadi unga, zikamwagiwa maji ya uvuguvugu 60 ml, zikaachwa dakika kumi zinywe maji. Bakuli la kavu liliondolewa saa 3 kabla ya kila jaribio, halafu likarudi, awe amekula uji au hajala. Hapo pana ubishi kati ya wafugaji, wengine wakisema kumrudishia kavu ni kumdekeza. Kwa mnyama aliyekwisha kuanguka kwa njaa hatuoni cha kubishania.

Siku ya kwanza aliunusa akaondoka. Mbinu iliyofanya kazi ni ya kidole: chovya, mpake mdomo wa juu kidogo tu, aulambe mwenyewe. Usimbane shingo na kumsukumia ndani. Wapo wanaofanya hivyo na hufaulu, lakini mgeni wa wiki mbili hujifunza kwamba mkono wako ni adui, na jino la fereti huingia hadi mfupa wa kidole. Siku ya tatu alifuata kidole hadi bakulini, na kufikia siku ya tano alikuwa analisafisha bakuli.

Ndipo nyama ikaingia: paja la kuku bila mfupa, pamoja na ngozi yake, lililosagwa mara mbili. Kuanzia 3 g, yaani nusu kijiko cha chai, ndani ya 60 g za uji. Kila baada ya siku mbili, kama bakuli limeisha na uzito haujashuka, kiasi kiliongezwa mara mbili: 6, 12, 25. Hadi 12 hakugundua, au aligundua akanyamaza. Kwenye 25 akagoma kabisa.

Mgomo huo ulichukua siku tatu kueleweka, na chanzo hakikuwa kiasi. Siku hiyohiyo nyama ya paja ilikuwa imeisha ikawekwa ya moyo wa ng'ombe, tena ikitoka friji moja kwa moja. Mabadiliko matatu kwa mkupuo mmoja: nyama nyingine, kiasi kingine, joto jingine. Nyama baridi haina harufu, na fereti anakula kwa pua. Waliporudi kwenye kuku 12 g, mfuko ukiwa umezamishwa dakika chache kwenye maji ya moto ya bomba hadi nyama ikafikia kama joto la mwili, nyuzi 38 hivi, alikula. Baada ya siku mbili akapokea 25. Moyo uliingizwa wiki iliyofuata, gramu mbili mbili, ndani ya kuku. Maikrowevu haifai kwa kazi hii, kwani inapika sehemu na kuacha sehemu, na ikiwa kuna mfupa ndani unakauka na kuwa wa kupasuka vipande vyenye ncha.

Kufikia wiki ya tano uji ulikuwa theluthi moja na nyama theluthi mbili. Hapo ndipo watu wengi hupumua na ndipo kosa la kimya huanza. Nyama bila mfupa ina fosforasi tele na karibu haina kalisi. Paja la kuku la 100 g lina kalisi ya miligramu 10 hivi dhidi ya fosforasi inayokaribia 200. Punje zilikuwa zinaficha pengo hilo, na kadiri zinavyopungua pengo linafunguka. Fereti mzima haonyeshi kitu kwa wiki kadhaa, lakini mdogo anayekua anapinda mifupa. Mpaka mnyama ale mfupa halisi, unga wa ganda la yai unaziba: ganda lioshwe, likaushwe ovenini, lisagwe liwe laini kama unga wa ngano, kisha 0.6 hadi 0.8 g kwa kila 100 g za nyama tupu, takriban moja ya nane ya kijiko cha chai. Chengachenga za ganda hazifai, maana zinapita zilivyo. Siku anayokula mfupa, unga hauhitajiki.

Kuhama kutoka nyama ya kusaga kwenda vipande ni somo la taya. Fereti aliyekula punje hajui kukata, anajua kuponda. Akipewa vipande vidogo kama punje za mahindi, anavimeza vizima, na hapo ndipo anakabwa. Tulimpa vipande virefu vyembamba, urefu wa kidole, vilivyopakwa uji. Kipande kirefu kinamlazimisha kugeuza kichwa na kukikata kwa meno ya pembeni, yale makali ya nyuma, na meno hayo ndiyo yanayosafishwa na kazi hiyo. Mara ya kwanza alihangaika na ukanda mmoja wa paja kwa dakika kumi na moja, akiuburuta chini ya taulo na kuurudisha, kabla haujakatika. Ukanda wa pili ulichukua dakika mbili.

Mfupa wa kwanza ulikuwa ncha ya bawa la kuku iliyopondwa kwa mchi hadi isisikike kigongo. Siku nne baadaye ilipondwa nusu, kisha ikawa nzima. Baadaye zikaja mbavu za sungura, ambazo ni laini kuliko zinavyoonekana. Mfupa uliopikwa hauingii bakulini hata mara moja, na mifupa ya miguu ya ng'ombe au kondoo haimfai kwani inavunja jino.

Wiki ya sita kinyesi kikawa cheusi na cha majimaji. Cheusi kinatisha, na ni haki kutisha: cheusi kinachonata kama lami ni damu iliyomeng'enywa, mara nyingi ya vidonda vya tumbo, na hiyo ni safari ya daktari siku hiyohiyo. Hiki kilikuwa cheusi cha kahawia, hakinati, na mnyama alikuwa anacheza. Sababu ilipatikana kwenye daftari la jikoni. Kwa kuwa alipenda maini kuliko kitu chochote, alikuwa amepewa 40 g kwa siku moja. Hesabu yake ni rahisi: anakula 120 g kwa siku, yaani 840 kwa wiki. Maini yanapaswa kuwa 5 kwa mia, yaani 42 g. Alikula maini ya wiki nzima kwa mlo mmoja. Kuharisha kuliisha kwa siku mbili, lakini tabia hiyo ikiendelea kwa miezi, vitamini A hujikusanya mwilini na kuumiza mifupa na ini.

Kinyesi, kwa ujumla, ndicho kipimo cha bei rahisi kuliko vyote. Cheupe kinachopukutika kama chaki maana yake mfupa umezidi. Chenye chembechembe kama mtama ni mafuta yasiyomeng'enywa, pengine umeongeza ngozi kwa haraka. Kijani cha mara moja ni chakula kilichopita mbio, lakini kijani cha siku mbili chenye utelezi kinahitaji daktari. Cha nyama mbichi kikiwa sawa huwa kidogo, cheusi kiasi, na harufu yake inapungua sana kuliko ya punje. Usishangae pia akipunguza kunywa maji, kwa kuwa karibu asilimia 70 ya nyama ni maji.

Mpangilio uliokaa mwishoni, kwa wiki ya 840 g, ni nyama yenye mfupa 350 g (mapaja na miguu ya kuku, mbavu za sungura, bawa moja moja), nyama tupu 300 g, moyo 110 g, maini 42 g, figo au bandama 38 g. Mfupa halisi ndani yake unaangukia 10 hadi 15 kwa mia. Usifanye sehemu yote ya mfupa kuwa mabawa, maana karibu nusu ya bawa ni mfupa, na chaki itarudi. Moyo una nafasi yake kwa sababu ya taurini (kirutubisho kilichomo kwenye nyama), ambayo huchuruzika na majimaji nyama ikisagwa, ikagandishwa na kuyeyushwa. Kwa hiyo yale majimaji mekundu chini ya mfuko yamwagiwe bakulini, si kwenye sinki. Sungura peke yake hana mafuta ya kutosha. Kifaranga cha siku moja, 35 hadi 40 g, ni mlo mzuri wa mara mbili kwa wiki, si zaidi. Nyama ya nguruwe mwitu mbichi iachwe kabisa kwa ajili ya minyoo ya misuli.

Usafi ulikuwa na kisa chake. Fereti huficha chakula. Wiki ya saba jikoni kulinuka, na nyuma ya mashine ya kufulia kukakutwa ncha tatu za mabawa na nusu kifaranga, vya siku mbili angalau. Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 4 hilo si la kuchekea: vijidudu vya salmonela na kampilobakta haviuawi na friza, vinasubiri tu. Tangu hapo mlo wa mbichi ukawa ndani ya kizimba kilichofungwa, juu ya mkeka wa plastiki, mabaki yanatolewa baada ya saa 2 na blanketi linakung'utwa. Nyama inayeyushwa ndani ya friji isiyozidi nyuzi 5, kuku hasuuzwi, na hakuna anayelambwa usoni. Nyumba ingekuwa na mtu anayetibiwa saratani, tusingeanza.

Kuku ana swali lake la ziada miaka hii. Fereti hushikwa na mafua makali kama binadamu. Mwaka 1933 Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, London, walikitambua kirusi cha mafua ya binadamu kwa kuambukiza fereti, na mpaka leo ndiye mnyama wa maabara kwa utafiti huo. Homa ya ndege ya H5N1 inamuua. Mwishoni mwa 2024 paka wa Oregon, Marekani, alikufa baada ya kula chakula kibichi cha bata mzinga kilichokuwa na kirusi hicho, na kugandisha hakukusaidia. Kwa hiyo kuku wa familia hii hutoka buchani, aliyekaguliwa kwa ajili ya binadamu, na ndege wa porini aliyepatikana amekufa haguswi. Wakati wa mlipuko mkubwa karibu, sungura na kondoo huchukua nafasi yake.

Madaktari wengi wa wanyama hawapendi lishe hii, na sababu zao ndizo hizo za vijidudu na mizania ya virutubisho. Madai kwamba nyama mbichi inazuia uvimbe wa kongosho hayajathibitishwa, na hatukumwahidi mtu hilo. Punje nzuri yenye protini ya mnyama ya zaidi ya 35 kwa mia na wanga mdogo inamlea fereti miaka yote.

Wiki ya tisa dume huyu alikuwa na 1,275 g, manyoya yamejaa, ufizi umepoa wekundu uliokuwepo siku ya kufika. Punje hazikuondoka kabisa. Mara mbili kwa wiki anapewa 10 g za zilezile za zamani, zikiwa kavu, ili pua isizisahau. Siku atakapolazwa kliniki, au friza itakapozimika, patakuwa na kitu kikavu kwenye kabati anachokijua kuwa ni chakula.